HARUFU YA TAKA ZA JIKONI: MANENO YA KIKAO CHA TAWI

Ndugu wanachama wa hapa Nachingwea na nyie mlioko Ruangwa, haya tuliyasema kikaoni, tunayatuma kwa ambao hamkufika.

Tuanze na aibu yetu. Baada ya kikao kilichopita, mabaki ya wali na samaki tuliyaacha kwenye ndoo ya ofisi, tukafunika, tukaenda zetu. Siku ya nne mama jirani anayeuza vitumbua alikuja: wateja wanapitia upande wa pili wa barabara. Tulimwomba radhi.

Kumbe kufunika peke yake hakusaidii. Chakula chenye maji kikikosa hewa ndipo kinaoza kwa harufu kali. Chujeni maji kwanza. Maganda na mabaki yawe na ndoo yake, plastiki na pampasi pembeni. Kila mkimwaga, nyunyizieni majivu makavu au pumba juu, yanyonye unyevu. Majivu yapo kwenye kila jiko la kuni, na sisi tuliosomea uhasibu tunawahakikishia gharama ni sifuri. Ndoo ioshwe, ianikwe juani.

Mtihani wenyewe ni msimu wa korosho. Mabibo yakirundikwa uani, siku mbili tu yameshachacha na inzi wamejaa. Yafukieni shimoni, mbali na kisima, kila tabaka na udongo wake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Tukutane ofisini saa 1 asubuhi, tuanze na ndoo yetu na mbele ya meza ya yule mama. Njooni na majembe.

Katibu wa Tawi