Kura Haina Rangi: Hotuba kwa Wapiga Kura wa Westlands



Eneo bunge letu la Westlands lina pande mbili zisizojuana. Upande mmoja ni Parklands na Highridge, makao ya Wakenya wengi wenye asili ya Kiasia. Upande wa pili ni Kangemi, makao ya maelfu ya vibarua, wachuuzi na mafundi. Asubuhi mtu wa Kangemi huja Parklands kufanya kazi, na jioni hurudi kwake. Wawili hawa hukutana dukani na jikoni, lakini hawakutani kamwe kama wananchi. Na bado mbunge wao ni mmoja.

Utengano huu haukuumbwa na Mungu. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyogawa makazi ya Nairobi kwa rangi, na ikagawa hata kura. Mzungu alikuwa na daftari lake, Mhindi lake, na Mwafrika hakupiga kura hadi mwaka 1957. Viongozi wengi wa Kihindi waliupinga mpango huo wakidai daftari moja kwa watu wote. Makhan Singh alidai uhuru hadharani mwaka 1950, akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, aliyeteswa na mkoloni kwa kuwatetea Waafrika, alipigwa risasi hapa hapa Westlands, langoni mwa nyumba yake, tarehe 24 Februari 1965. Basi asituambie mtu kwamba Waasia ni wageni katika siasa za ukombozi wa nchi hii.

Ni nini basi kilichowafunga midomo watoto wa mashujaa hawa? Ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Sheria za mwaka 1967 ziliwafanya maelfu waihame Kenya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka yao mjini Nairobi yaliporwa na wanawake wakavunjiwa heshima. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi wakaona usalama uko katika kumkaribia mtawala, kutoa mchango wa kampeni kimyakimya, na kubaki nyumbani siku ya uchaguzi.

Nasi tuliopigania mageuzi tukiri kosa letu. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, KANU ilipata kiti kimoja tu kati ya vinane vya Nairobi, nacho kilikuwa cha Westlands, alichoshinda Bwana Amin Walji. Ilikuwa rahisi kuwanyoshea Waasia kidole. Lakini je, tuliwapa sababu gani ya kutuamini? Katika miaka hiyo ya 1990 zilisikika hata ndani ya upinzani sauti za kuwatisha jamii nzima kwa dhambi za matajiri wachache. Aidha, si Waasia waliokipasua chama cha FORD vipande viwili. Ni sisi wenyewe, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 tu ya kura.

Ndugu zetu, mchango wa fedha hauwezi kuwa badala ya kura. Mwenye kutoa fedha gizani huomba fadhili, na fadhili hukoma mfadhili akibadilika. Mwenye kura hudai haki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu raia wa Kenya wenye asili ya Kiasia 47,555 katika taifa la watu zaidi ya milioni 47, yaani mmoja kati ya kila elfu. Jamii ndogo kiasi hicho haiwezi kulindwa na wingi wake wala na utajiri wake. Hulindwa na sheria, na sheria hulindwa na jirani aliye tayari kuitetea pamoja nayo.

Mwezi Julai 2017 Serikali iliwatambua Waasia kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Ni jambo jema, ila lisigeuzwe kuwa ghala jingine la kura za kikabila. Tutazame Kisumu, ambako Bwana Shakeel Shabbir alichaguliwa mwaka 2007, na mwaka 2017 na 2022 akashinda akiwa mgombea wa kujitegemea, kwa kura za watu ambao wengi wao si Waasia. Wapiga kura hao hawakuuliza babu yake alishuka merikebu gani.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu kabla ya Agosti 2027. Watu wa Parklands, jiandikisheni, na mjitokeze kupiga kura. Watu wa Kangemi, msimwite mgeni mtu aliyezaliwa hapa, na mkatae mwanasiasa anayewachochea dhidi yake. Na nyote wawili, muiteni kila mgombea katika mkutano mmoja, si huku kwa chai na kule kwa vitisho, ajibu mbele yenu maswali yale yale.

Mlolongo wa wapiga kura ni mmoja. Siku hiyo tusimame humo pamoja.