Karatasi Zitangulie, Mzigo Ufuate

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Kakontwe, Likasi



Tunaanza na ulizo ambalo wengi wenu mmelibeba tumboni tangu miezi mingi: "Makuta ya kese iko wapi?" Tulilisikia ku soko, tukalisikia ku kanisa, tukalisikia hata mbele ya kilio. Leo tunajibu bila kuzunguka. Hatukuiba. Lakini tulipoteza, na tulipoteza kwa makosa yetu sisi wenyewe wa komite.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka jana wanachama 14 walichanga, kese ikaongeza, tukanunua Dar es Salaam mashini mbili za kusaga mahindi na vyerehani sita. Wazo lilikuwa zuri. Mtu anayerudi kutoka Zambia, Tanzania ao Afrika ya Kusini mara nyingi anafika mikono mitupu, na mashini ya kusaga ni kazi inayolisha nyumba kila siku. Mzigo ulipanda kamioni pamoja na mizigo ya watu wengine. Ulifika Kasumbalesa salama. Hapo ukalala siku 47.

Kwa nini? Juu ya makosa matatu, na yote yalitoka kwetu. La kwanza: hakuna aliyeomba FERI, ile karatasi ya OGEFREM, mbele mzigo haujapanda kamioni. La pili: faktire iliandikwa "vitu mbalimbali", bila bei ya kila kitu. La tatu ndilo lililotuumiza zaidi: tulimpa mtu dola 900 mkononi, kwa sababu alituambia, "Leteni makuta, mi nitapanga byote, ninajuaka bakubwa ba pale." Hakuwa na ruhusa ya kazi ile, hakuwa na biro, hakutupatia kitansi. Simu yake iliita wiki moja, kisha ikazimika.

Tukalipa tena dola 750 za faini, za kuweka mzigo na za kamioni iliyokuwa inangoja. Jumla ni dola 1,650, na zote zilitoka ndani ya kese ya magonjwa na vilio. Mashini zilifika, vyerehani vikafika, kimoja kimevunjika mguu.

Lakini ndani ya siku zile 47, mama mmoja wetu alifiwa na bwana yake. Sheria yetu inasema kese inatoa sanduku la maiti, unga wa kilio na gari la kupeleka watu ku makaburi. Tulipofungua kese tulikuta dola 60. Sanduku likachukuliwa kwa deni, na ni watoto wa marehemu waliolilipa, kidogo kidogo, mpaka mwezi uliopita. Yule mama yuko hapa kati yetu leo. Hakutusema vibaya hata siku moja, na hilo ndilo linatuchoma zaidi. Mbele yake, na mbele yenu wote, tunaomba masamaha.

Sasa, kuomba masamaha peke yake hakujazi kese. Inafaa tuelewe kazi hii ya mipaka namna inavyotembea, kusudi tusirudie.

Mzigo unaotoka Dar es Salaam kuja Likasi unapita Tunduma na Nakonde, unashuka Kapiri Mposhi, unapanda Chingola, unafika Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, halafu kwetu. Ni nchi tatu na duane tatu: TRA ya Tanzania, ZRA ya Zambia, na DGDA ya kwetu. Ndani ya Tanzania na Zambia mzigo wetu ni mpita njia. Haulipi ushuru wa kuingia wa nchi hizo, lakini unatembea chini ya dhamana: kuna mtu aliyeweka sahihi kwamba utatoka nchini kama ulivyoingia. Ukipotea njiani, yeye ndiye anayedaiwa. Ndiyo maana dereva anakataa ukimwomba akushushie hata boksi moja katikati ya safari. Si ubaya wa roho. Anaogopa deni la mtu mwingine.

Upande wa kwetu, msingi ni Kodi ya Duane ya tarehe 20 mwezi wa 8, 2010. Wazee bado wanasema "OFIDA", lakini tangu mwisho wa 2009 jina ni DGDA, na siku hizi kazi inafanywa ndani ya ordinatere, kwa programu ya SYDONIA. Hatua ni hizi.

Kwanza, faktire ya kweli: jina la kila kitu, hesabu yake, bei yake. Pili, FERI, inayoombwa mbele mzigo haujaondoka. Tatu, deklarasyo, ambayo komisionere wa duane mwenye ruhusa anaiingiza ndani ya SYDONIA. Nne, ukaguzi, pamoja na ule wa OCC. Tano, buletini ya malipo inatoka, mnailipa ku banki, banki inatoa kitansi. Ni hapo tu mzigo unapata ruhusa ya kutoka.

Angalieni vizuri ile hatua ya tano. Ushuru unalipwa ku banki. Hakuna mahali ndani ya hatua hizi ambapo imeandikwa "mpe kijana mkononi".

Na hesabu yenyewe si siri. Ushuru wa kuingiza kwetu una viwango vya asilimia 5, 10 na 20, na vitu vingine ni 0. Hauhesabiwi juu ya bei ya duka tu. Bei ya kitu, usafiri na asiransi mpaka ku mupaka vinajumlishwa. Tuseme jumla hiyo ni dola 1,000 na kiwango ni asilimia 10: ushuru ni dola 100. Halafu TVA, asilimia 16, inahesabiwa juu ya zile 1,100: ni dola 176. Kwa hiyo ni dola 276, na juu yake malipo ya ofisi zingine na kazi ya komisionere. Tungekuwa tumefanya hesabu hii hapa Kakontwe, na kalamu na kikaratasi, mbele ya kununua, tungejua kwamba makuta yetu hayatoshi mashini mbili. Tungenunua moja, na kese ya vilio isingeguswa.

Kuna habari zingine ambazo wengi wenu mnatuuliza.

Mnatuuliza: "Si Congo ilishaingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki? Duane ingali ya nini?" Ni kweli, nchi yetu ilitia sahihi tarehe 8 mwezi wa 4, 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka ule. Lakini kuingia Jumuiya hakukufuta duane ya Kasumbalesa. Na hata kati ya nchi zilizozoeana, kitu kinachopunguziwa ushuru ni kile kilichotengenezwa ndani ya nchi hizo na kina cheti cha asili. Cherehani kilichotoka Uchina hakigeuki kuwa cha Tanzania kwa sababu kililala wiki mbili ndani ya depo ya Dar es Salaam.

Mnatuuliza pia juu ya vitu vya nyumba. Anayehama kweli, anayerudi kukaa, anaweza kuomba msamaha wa ushuru juu ya vitu vyake vilivyotumika: kitanda, vyombo, masanduku ya nguo. Lakini msamaha unaombwa kwa maandishi, na orodha, na karatasi zinazoonyesha kwamba alikuwa anaishi kule. Haujileti wenyewe. Na mtu akificha vyerehani vitano vipya katikati ya blanketi zake, anaharibu msamaha wake, na kesho anaharibia na wengine.

Habari ya tatu ni ya macomisionere wenyewe. Ndani ya Afrika Mashariki wale wanaofanya kazi ya kupitisha mizigo wamejipanga kwa vyama. Tanzania kuna TAFFA, Kenya kuna KIFWA, na tangu 2006 kuna shirikisho lao lote, FEAFFA. Wameweka masomo na cheti, pamoja na ofisi za ushuru za nchi zao, kusudi mtu asijiite mjuzi wa duane kwa sababu tu ana simu mbili na anajua kusalimia polisi. Kwetu Congo pia komisionere anapata ruhusa yake kwa DGDA. Kwa hiyo ulizo la kwanza la kumwuliza mtu si "unajua nani?" Ni "namba ya ruhusa yako ni gani, na biro yako iko wapi?"

Vyama vile vinatufundisha kitu kingine. Mwezi wa 7, 2016, Tanzania iliweka kodi ya asilimia 18 juu ya huduma za mizigo inayopita kwenda nchi za jirani. Wapitisha mizigo na wenye kamioni hawakukaa kila mmoja kwenye barriere akilia peke yake. Walisema pamoja, kupitia vyama vyao, wakaonyesha namna mizigo ilivyokuwa inahamia bandari zingine. Mwaka uliofuata kodi ile ikaondolewa. Sisi pia, mtu mmoja mwenye boksi moja hasikilizwi. Wanachama 14 wenye faktire moja, komisionere mmoja na vitansi vyote mkononi, hao wanaweza kuandika barua na barua ikajibiwa.

Tunajua mnachosema pale nyuma. Mmoja alituambia wazi: "Njia ya karatasi ni ya batajiri. Siye bamasikini tupite mu pori tu." Hatumcheki. Ni kweli ofisi ni nyingi, barriere ni nyingi, na mtu mwenye karatasi zote bado anaweza kuombwa "ya maji". Lakini tuhesabu. Anayepita mu pori na kinga akakamatwa, anapoteza kinga na mzigo. Hana karatasi ya kulalamikia. Anayepita na kitansi, hata akicheleweshwa, mzigo wake una jina lake. Sisi tulijaribu njia ya katikati, ile ya kumpa mtu mkononi, na mnaona ilitufikisha wapi.

Tena njia yenyewe inaweza kufungwa bila kosa la mtu. Mnakumbuka mwezi wa 8, 2024, wakati Congo ilikataza bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia, madereva wakaleta maneno, na Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Siku chache tu, lakini kila kamioni iliyosimama ilikuwa inahesabu dola. Makuta yanayongojewa na mgonjwa hayafai kupandishwa kamioni.

Kwa hiyo komite inaweka mbele yenu sheria tano, na tunaomba mzipige kura leo, kwa mikono, kila moja peke yake.

Moja. Kese ya magonjwa na vilio itenganishwe na kese ya biashara. Vitabu viwili, funguo mbili, watu wawili. Hakuna mwenye ruhusa ya kukopesha moja kutoka kwa nyingine, hata prezida.

Mbili. Hakuna mzigo wa shirika utakaoondoka ku Dar es Salaam ao mahali pengine popote mbele faktire, FERI na hesabu ya ushuru hazijasomwa mbele ya wanachama.

Tatu. Tutafanya kazi na komisionere mwenye ruhusa tu, kwa mkataba ulioandikwa, na kopi ya ruhusa yake itabandikwa ku mlango wa chumba chetu.

Nne. Hakuna hata dola moja itakayotoka bila kitansi. Mtu akiombwa kitu bila kitansi, aandike siku, mahali na kiasi, ailete komite. Hatutalipa, na hatutanyamaza.

Tano. Sisi sita wa komite tutarudisha zile dola 900 kutoka mifuko yetu wenyewe, dola 25 kila mtu, kila mwezi, ndani ya miezi sita. Mwezi wa kwanza tumelipa asubuhi hii. Dola 150 ziko ndani ya kese ya vilio, na mwenye kutaka kuhesabu aje mbele. Zile 750 zingine zitatoka kwa faida ya mashini. Za kwanza zitaenda kwa watoto waliolipa sanduku la baba yao.

Kwenu wafadhili: tuliwaandikia kwamba mradi umefika salama. Ile barua ilikuwa na ukweli nusu. Hii ndiyo nusu ya pili. Mkiamua kungoja mbele ya kutoa tena, tutaelewa. Lakini mashini moja inasaga tangu wiki tatu, hapa Kakontwe, na kitabu chake kiko wazi kwa yeyote anayefika.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ilipotea. Habari yake tumeileta leo, na daftari ni hili hapa juu ya meza.

Sasa tuanze na sheria ya kwanza. Wanaokubali, mikono juu.