Kabla ya Kununua Valvu ya Kijiko cha Trekta

Kushuka kutoka Kinole hadi Morogoro mjini mara ya pili kurudisha kipuri kisichofaa ni hasara juu ya hasara. Ndiyo maana tunaanza na duka, kisha fundi.

Pampu ya trekta kuukuu aghalabu haiachi kusukuma mafuta ya haidroliki. Hupita katikati ya valvu hata kijiko kikiwa kimetulia. Valvu iliyozibwa katikati, ijapofanana na ya zamani, huyanyima mafuta njia, na pampu hulemewa.

Linaloponza zaidi ni hili. Ikiwa mafuta yakitoka hapo huenda kunyanyua jembe la nyuma, mpira wa huko usiungwe kwenye tundu la kurudishia mafuta tangini. Upande huo haukuundwa kuhimili shinikizo. Valvu yaweza kupasuka. Lahitajika tundu la pekee la kupitisha shinikizo, na si kila valvu inalo. Muulizeni muuzaji, na jibu lake liandikwe kwenye risiti: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Fundi azime injini na kushusha kijiko chini kabla ya kulegeza mpira wowote. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Aliyepenywa apelekwe hospitali papo hapo, hata jeraha likiwa dogo kama tundu la sindano.