Sola ya Vifaa Vilivyotumika

Mfumo mdogo wa sola wa nyumbani una paneli, chaji kontrola, betri na nyaya za kufikisha umeme kwenye taa na simu. Karibu vyote hivyo hupatikana vikiwa vimetumika, kwa wauza skrapu na kwenye vibanda vya mafundi wa simu na redio. Si vyote, hata hivyo, vinavyofaa kununuliwa vikuukuu.

Paneli ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Watengenezaji wengi huahidi kwamba baada ya miaka 25 bado itatoa asilimia 80 ya nguvu zake, kwa hiyo iliyokaa juu ya bati miaka kumi ingali na umri. Hupimwa kwa mita, jua likiwa utosini. Paneli ya seli 36 isiyobebeshwa mzigo husoma volti 20 hadi 22. Wauzaji hupenda kuonyesha volti hizo, lakini hata paneli dhaifu huzifikisha. Ukweli uko kwenye ampea: paneli nzima ya wati 50 husoma karibu ampea 3. Ikisoma moja, imekwisha, hata kioo chake king'ae namna gani.

Paneli kubwa za seli 60 huvutia kwa bei, ila zimeundwa kufanya kazi kwenye volti 30 hivi. Paneli ya wati 250 ikifungwa kwenye betri ya volti 12 kupitia chaji kontrola ya kawaida, hushushwa hadi volti za betri na kutoa wati 110 tu au zaidi kidogo. Kuipata nguvu yake yote kunahitaji chaji kontrola ya aina ya MPPT, nayo ni ghali.

Penye balaa ni kwenye betri. Ile ya gari iliundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake. Mabamba yake ya risasi ni membamba, na ikikamuliwa kila usiku hufa mapema. Anayeitaka hata hivyo huichaji ijae, huiacha usiku kucha, kisha huipima: yenye afya husoma volti 12.6. Halafu huwashiwa balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Volti zikiporomoka chini ya 12 ndani ya dakika chache, betri hiyo haishiki chaji tena.

Mafundi wengi sasa hufungua betri za laptopu. Ndani yake mara nyingi mna seli sita za lithiamu, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Laptopu hukataa betri nzima kwa sababu ya seli moja au mbili, huku zilizobaki zikiwa hai. Seli iliyokutwa chini ya volti 2 huachwa, kwani ikichajiwa inaweza kujiunguza kwa ndani. Nzuri huchajiwa hadi volti 4.2, huwekwa wiki kadhaa, na iliyovujisha chaji huondolewa. Seli 30 zenye ampea-saa 2 kila moja, zikipangwa tatu tatu kwa mfululizo, huhifadhi wati-saa 220 hivi. Taa tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia 75, na simu mbili hula kama 25.

Hapa ndipo nyumba zinapoweza kuungua. Chaji kontrola ya betri ya risasi husukuma hadi volti 14.4. Zikigawanywa kwa seli tatu, kila seli hupata 4.8, kiasi cha kuichemsha mpaka ishike moto. Lazima chaji kontrola iwe ya kuwekwa volti 12.6, na bodi ya BMS iwepo kukata umeme volti za seli zinapozidi au kupungua mno. Vitu hivi viwili hununuliwa vipya, pamoja na fyuzi inayokaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kubana matumizi hapo ni kujitafutia hasara.

Nyaya nazo ziwe nene. Kwa volti 12, mzigo wa wati 60 hupitisha ampea 5, ambapo kwa volti 240 ungepitisha robo ampea. Inveta inaweza kuachwa kabisa, kwani taa na simu hazihitaji umeme wa ukutani, na inveta hula chaji hata ikikaa bure.

Betri ya risasi iliyokufa haipasuliwi uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, watoto wakiwemo, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Betri hupelekwa kwa mnunuzi ikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani. Seli mbovu za lithiamu hufungwa ncha kwa utepe na kuwekwa kwenye mchanga mkavu, mbali na jua, hadi zipate wa kuzichukua.