Hesabu ya Shamba: Mambo ya Kaunti ya Page

Leo tutavuka bahari mpaka Marekani, katika jimbo la Iowa, tuone mambo ya kaunti moja iitwayo Page. Usiseme, "Aa, hao wana matrekta, watanifunza nini mimi?" Subiri kidogo. Wao nao ni wakulima wa mahindi, na yaliyowapata wenzao wa Iowa yanaweza kukupata wewe.

Iowa ina kaunti 99. Page iko kusini-magharibi, mpakani na jimbo la Missouri, na makao yake ni mji mdogo wa Clarinda. Kazi ya huko ni mahindi, soya, ng'ombe na nguruwe. Wananchi huchagua baraza la kaunti, nalo huangalia barabara, madaraja na matumizi ya kodi. Sehemu kubwa ya kodi hiyo hutoka kwenye ardhi na majengo. Basi shamba hulisha nyumba, na tena hutengeneza barabara. Shamba likiyumba, kaunti nzima huyumba.

Mwaka 1906, mwalimu aitwaye Jessie Field alikuwa msimamizi wa shule za kaunti hiyo. Zilikuwa shule ndogo ndogo za vijijini. Mwalimu huyu alitaka mtoto wa mkulima ajifunze mambo ya shamba lake. Akaanzisha vyama vya mahindi kwa wavulana na vyama vya kazi za nyumbani kwa wasichana. Watoto wakafundishwa kuchagua mbegu na kuijaribu, na hata hesabu zao zikawa za shamba. Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyozaa klabu za 4-H, na hapa Kenya tunazijua ndugu zake, klabu za 4-K.

Hebu jaribu wewe mwenyewe. Kabla ya mvua, chukua mbegu 100 katika zile ulizoweka. Zifunge katika kitambaa kilicholowa maji, uweke mahali penye joto kidogo, na usiache kitambaa kikauke. Baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikiota 90, panda bila wasiwasi. Zikiota 60, tafuta mbegu nyingine mapema. La sivyo, ukipanda mbegu moja moja, katika kila mashimo 10 utapata 4 matupu, na jasho lako limekwenda bure.

Sasa sikiliza habari ya mkopo. Katika miaka ya 1970 bei ya nafaka ilipanda, maana Marekani iliuza nafaka nyingi ng'ambo. Bei ya ardhi nayo ikapanda. Mkulima akienda benki, aliambiwa shamba lake lina thamani kubwa, anaweza kukopa. Wengi walikopa, wakanunua ardhi zaidi na mashine. Kisha riba ikapanda sana, na bei ya nafaka ikashuka. Mwaka 1981 eka moja ya shamba katika Iowa ilikuwa, kwa wastani, dola 2,147. Mwaka 1986 ilikuwa dola 787. Piga hesabu: aliyekopa dola 1,000 kwa kila eka alibaki na deni kubwa kuliko eka yenyewe! Ardhi ilishuka, deni halikushuka.

Watu wengi walipoteza mashamba ya babu zao. Na mkulima akihama, haendi peke yake. Mwenye duka hukosa mnunuzi, shule hukosa mtoto, kanisa hukosa muumini. Mwaka 1986 jimbo la Iowa lilitunga sheria ya kumkalisha mkulima na mdai wake mbele ya mpatanishi kabla shamba halijachukuliwa. Sheria hiyo iliwasaidia baadhi ya watu, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Kaunti ya Page ilikuwa na watu zaidi ya 24,000 mwaka 1900. Mwaka 2020 ilikuwa na kama 15,000. Si madeni tu yaliyowapunguza. Mashine kubwa pia zilifanya mtu mmoja alime pahali pa wengi. Mahindi hayakupungua. Waliopungua ni watu.

Basi wewe, kabla hujapeleka hati ya shamba benki, keti na mwenzako wa nyumbani, na mtoto anayejua kuandika, mpige hesabu. Tuseme unakopa shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 15. Riba ya mwaka ni shilingi 9,000. Gunia likiwa shilingi 3,000, hayo ni magunia 3 ya riba peke yake, na mkopo wenyewe hujaugusa. Bei ikishuka mpaka shilingi 2,000, ni magunia 4 na nusu. Sasa jiulize: mvua ikikosa, magunia hayo yatatoka wapi, na watoto watakula nini?

Usihesabu bei ya ardhi, maana ardhi hailipi deni mpaka umeiuza. Hesabu magunia, tena ya mwaka mbaya. Mwaka mbaya ukiweza kulipa, kopa. Usipoweza, kopa kidogo, au ngoja. Kukopa harusi, kulipa matanga.