Uchungu na Utamu: Maneno kwa Walimu na Wakristo Siku ya Yubili



Siku hizi kila mtu atuambia, "Furahini," nasi twafurahi. Lakini tulipoitengeneza sherehe hii tuliulizwa swali: Je, yafaa kuwasomea watoto majina ya wenzetu waliokufa miaka ya njaa? Hayataharibu furaha? Kabla ya kujibu, natutazame maneno mawili.

Waingereza wameunga chungu na tamu wakapata neno moja, bittersweet. Nalo ni jina la mmea pia, ambao shina lake likitafunwa huwa chungu kwanza, kisha tamu. Wayunani wa kale walitanguliza utamu: Sappho, yule mshairi mwanamke, aliyaita mapenzi tamu-chungu. Katika Kiswahili twasema "uchungu na utamu," na kila kimoja chakaa mahali pake. Watu wa pwani hunywa kahawa chungu na kula tende. Sukari hawaitii kikombeni.

Tena litazameni neno uchungu. Dawa ina uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Mama anayejifungua hushikwa na uchungu. Na mtu aipendaye nchi yake husemwa kwamba ana uchungu nayo. Basi penye uchungu mara nyingi pana pendo. Ndiyo maana wazee walinena, Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika Ufunuo, sura ya 10, Yohana alikila kitabu kidogo, kikawa kitamu kinywani na kichungu tumboni. Wala hakuambiwa achague.

Huko Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Mtu aimbaye humo asiwakumbuke waliouzwa ameonja nusu. Naye awakumbukaye hao tu, asiwakumbuke waliofunguliwa, ameonja nusu vile vile.

Kwa hiyo tulijibu: majina na yasomwe. Asubuhi yatasomwa yote, polepole, na watoto wasimame. Mchana ngoma zitapigwa, na pilau italiwa. Ninyi walimu, msiyachanganye mambo haya mawili hata ladha zake zipotee, wala msilifiche moja. Tende haiondoi uchungu wa kahawa, lakini hutuwezesha kukimaliza kikombe.