Kitanda Kilicholegea Hukazwa



Twaomba ruhusa kusema juu ya jambo la sitara, nalo ni mkojo kumtoka mtu mzima bila kutaka. Tukilinyamazia, litazidi kutupunguzia watu mikutanoni.

Sisi tunaoshika daftari la mahudhurio tuliona kwamba mama mmoja mzee amekosa mikutano minne. Tukamtoza faini kama kanuni isemavyo, naye akalipa pasipo neno. Baadaye tukapata habari kuwa hakutudharau. Aliogopa kuketi saa tatu kati ya watu, kwani kila akikohoa au kucheka, nguo yake hulowa. Hata maji alikuwa ameacha kunywa. Tuliona haya sana.

Ndugu zetu, hii si laana wala si uchafu. Chini ya kibofu imetandaa misuli mfano wa kamba za kitanda. Uzazi na umri huilegeza; na kwa wanaume mkojo huweza kuvuja baada ya kupasuliwa tezi dume. Lakini kitanda kilicholegea hakitupwi, hukazwa. Daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kuikaza misuli hiyo mwaka 1948, na hata leo matabibu huyashauri.

Mama yule alifundishwa na muuguzi hivi. Mtu aketi au alale. Aikaze misuli kana kwamba azuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kukaza tumbo wala mapaja, wala asizuie pumzi. Ahesabu polepole hadi 5, kisha alegeze kwa kadiri iyo hiyo. Afanye hivyo mara 10, nyakati tatu kwa siku. Akizoea, aongeze hesabu hadi 10. Asifanye zoezi hili wakati wa kukojoa. Tena kabla ya kukohoa au kuinua ndoo, akaze kwanza. Faida haiji kwa juma moja. Huenda ikataka miezi mitatu.

Maji tusiache kunywa, maana mkojo mzito huwasha kibofu. Heri tupunguze chai na kahawa. Naye aonaye damu, maumivu, au mkojo kuziba, aende hospitali bila kukawia, kwa kuwa mazoezi hayatibu kila kitu.

Mama yule amerudi kwetu. Hasemi kwamba amepona kabisa, lakini sasa huketi hata mkutano uishe.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri mambo matatu: mkutano upumzike kila baada ya saa moja, mtu asitozwe faini kabla ya kuulizwa kwa upole na faragha, na fedha za mama yule arudishiwe kimyakimya, pamoja na radhi zetu.